Ndugu wa Majiwe Wamekonda

Pale Mapendo, kartie ya muji wa Goma, fasi volkano ilipita ikaacha njia nyeusi kama chungu cha maharagi, kuna ubao umelazwa juu ya majiwe mawili, na juu ya ubao ule wanaume wanakaa. Watu wa kwingine wanaita fasi ya namna ile kijiwe. Goma jina lile halina mafumbo: jiwe ni jiwe, na ukikaa vibaya linakupasulia suruali. Nyuma ya ubao Eugénie, muuza kahawa, alikuwa na imbabula yake ya makala na birika ya kahawa ya tangawizi, na pembeni beseni ya samaki imefunikwa na jani la ndizi. Ilikuwa mwaka ule vita ya upande wa Rutshuru ilitulia kidogo, malori ya Bunagana yakaanza tena kushuka na maharagi na watu, na kila mutu aliyeshuka alikuwa anatafuta mutu.

Ndani ya beseni mulikuwa ndugu. Asiyekulia pembeni ya ziwa ataona ajabu, lakini ndugu pale ni samaki. Ni yule mudogo wa ku majiwe, anayekaa ndani ya mapengo ya mawe chini ya maji, akitokeza uso kama mutu anayechungulia ku dirisha. Wengine wanasema aliitwa ndugu juu ya vile haonekanaki peke yake: ukimuona mumoja, wa kwao wako nyuma ya jiwe.

Kila siku ya soko, tangu mvua ianze, Eugénie alikuwa anashuka ku ziwa asubuhi, ananunua ndugu, anawapanga ndani ya beseni na kusema ni wa mugeni. Jua linaingia, mugeni hakuna. Samaki hawangoji, basi anawakaanga na kuwagawia wanywaji wake wa kahawa. Nao kwa sababu walikula bure, walikuwa wakali sana juu ya ladha.

Mukali kupita wote alikuwa muzee Adalbert. Walimuita Kilo, juu zamani alikuwa anapimaka samaki ku libongo, pale mitumbwi inafikia, na mpaka leo hakusalimia mutu bila kwanza kumupima na macho: umepunguka, papa, umeongezeka, mama, Mungu ni mukubwa. Wa pili alikuwa Donat, aliyefanya kazi ku biro ya commune mbele vita haijaingia, na kila neno lake lilitoka kama limepigwa kashe, ule muhuri wa biro. Walimuita Dekre, kama amri ya serikali. Wa tatu alikuwa Moïse, motari, mwenye kubeba watu na pikipiki, anayepita kartie zote na kurudi na habari za zote. Huyo walimuita Radio, na hakuna aliyeuliza sababu.

Asubuhi ile Kilo aliinua jani la ndizi na kidole kimoja, akatazama, akalirudisha polepole kama mutu anayefunika maiti.

— Mama Kahawa, hawa walikuwa na mama kweli?

— Muzee, acha samaki wa mugeni.

— Mugeni gani? Tunamukula mugeni wako tangu mvua ianze. Mimi nimeshiba mugeni.

Wenzake wakacheka. Eugénie naye akacheka kidogo, juu hakuwaambia. Jambo lenyewe alilificha kama mutu anavyofunika kiberiti na mukono kisizimwe na upepo. Mama Joyeuse, mwenye kuleta maharagi ya Bunagana, ndiye aliyemuambia: ng'ambo ya mupaka, upande wa Uganda, kuna kijana anasimamisha kila lori na kuuliza kama kuna mutu wa Lac Vert, kama kuna mutu aliyemujua mama mumoja jina lake Mukantwari, aliyekuwa anavaa kikwembe cha kitenge chenye ndege wa buluu. Joyeuse alimuambia kijana: enda Mapendo, pa majiwe meusi, fasi wanakunywa kahawa. Kijana akasema atakuja akipata lori. Wiki hii, ao ile inayofuata. Wiki zikapita, na Eugénie akanunua ndugu. Asubuhi ile alijiambia ku njia ya ziwa kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Leo kijana asipokuja, hatanunua tena, na hatangoja tena. Moyo nao una fasi unachokea.

Kilo, yeye, alikuwa amekwisha kuondoka Mapendo na kurudi zamani. Alikuwa anakumbuka ndugu wa wakati ule, mbele wakimbizi hawajafika, wakati watu wa Goma walishuka ku ziwa siku ya Yesu, wakitoka ku kanisa, na watoto na chupa ya bia ya primus. Ndugu wa wakati ule, akasema, alikuwa na mugongo. Ulimukamata akajaa mukono. Ulimutia ndani ya sufuria bila mafuta, akaleta yake mwenyewe. Mufupa wake ulikuwa haba, nyama yake ilikuwa ya kutosha wewe na mwenye kukupitia gafula. Na alikuwa anakomaa haraka: mvua ya kwanza kama mubegu, mvua ya pili kama mutu anayejitegemea. Leo unamuona na kichwa cha muzee na kiwiliwili cha mutoto, na huwezi kujua kama umusalimie shikamoo ao umupige kofi.

— Ni sabuni, akamaliza. Andikeni.

Akaeleza. Mwaka wa wakimbizi, watu walijaa kando ya ziwa kuliko majani. Wote waliogea mule, walifulia mule, na sabuni ya musaada ilikuwa kali. Ndugu wakaikunywa. Sasa sabuni kazi yake ni nini? Ni kuondosha mafuta. Kama inaondosha mafuta ku sahani, itashindwa na mafuta ya samaki mudogo hivi?

Dekre alikataa, na alipokuwa anakataa alikuwa anasimama kidogo kisha anakaa. Hakuna sabuni, akasema. Kisababu ni gaz. Chini ya ziwa kuna gaz, serikali inajua, wazungu wanajua, hata mutoto wa shule anajua. Ile gaz inapanda, ndugu anaimeza, tumbo linajaa, anajisikia ameshiba. Saa ya kula ikifika, yeye anasema asante, mimi nilikwisha kula. Ni sawa mutu aliyekunywa Fanta mbele ya bugali.

— Basi angekuwa anaelea, akasema Radio.

— Anajikaza.

Radio alikuwa na yake, na ilikuwa ndefu. Alisema wote wawili wanasahau sambaza, wale samaki wadogo wa kuvuliwa usiku. Sambaza si wa kwetu, walibebwa kutoka Tanganyika wakati wa Wabelgiji, wakakuja wengi, na mutu akikuja na wengi anakula wa kwanza. Ndugu, mwenyeji, hakuandikwa popote, hakupewa karte ya kula. Halafu vita. Kila bombe likilia, ndugu anaingia ndani ya pengo. Likinyamaza, anatoka. Likilia, anaingia. Samaki wa kukimbia kila siku hawezi kuota mugongo. Kinachokomaa ni kichwa tu, juu kila saa anafikiri afanye nini.

Hapo Kilo akakubali na kichwa, juu hayo ya kukimbia na kufikiri aliyajua. Lakini Dekre hakupenda kushindwa na motari, akatoa la mwisho, na alilisema na sauti ya chini kama siri ya commune. Ndugu hawakukonda, akasema. Wanene wote walivuka. Siku vita ilipoingia walipita chini ya maji mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, na sasa wako kule, wana migongo kama ile muzee Kilo anayosema. Waliobaki huku ni wale wasiokuwa na laissez-passer, karatasi ya kuvuka.

Walicheka mpaka ubao ukalia. Eugénie aliinama juu ya imbabula. Makala yalikuwa na unyevu, moshi ukamuingia machoni, na yeye akaushukuru, juu moshi unamupa mutu ruhusa ya kulia.

Maana wao walikuwa wanasema zamani, naye zamani alikuwa anaiona. Nyumba yao ilikuwa upande wa Lac Vert, fasi barabara ya Sake inakaribia ziwa. Mama yao, Mukantwari, alikuwa anasuguliaka sufuria juu ya jiwe moja bapa linaloingia ndani ya maji. Makombo ya bugali yalianguka, na ndugu walitoka ndani ya mapengo, mumoja, kisha wote. Nishimwe, mutoto mwanaume wa mwisho, aliketi na miguu ndani ya maji na kuwatupia mabaki kidogo kidogo, na wao wakimugusa vidole vya miguu yeye anacheka mpaka anakohoa. Hakujua bado kusema Eugénie. Alisema Zeni. Na katika wale samaki kulikuwa mumoja munene kupita wengine, mwenye doa ku mukia, aliyefika wa kwanza kila siku na kufukuza wenzake. Nishimwe akamupa na yeye jina la Zeni. Eugénie alikasirika na kumunyima mayai ya kuku siku nzima, kisha akazoea. Jioni mama anaita, Zeni, kuja, na mutoto anajibu kutoka ku maji: yupi?

Halafu siku ile vita iliingia ku makambi ya wakimbizi, na barabara ya Sake ikajaa watu. Mama alimupa Eugénie sufuria abebe, akamuambia Nishimwe ashike kikwembe chake asiachilie. Na mutoto hakuachilia. Lakini kikwembe cha ndege wa buluu kilikuwa kimejaa ku soko musimu ule, kila mama wa pili alikuwa amekivaa. Watu wakasukumana. Mukono mudogo ukaponyoka mara moja, ukashika tena. Ulishika ndege wale wale wa buluu. Mama aliyekuwa ndani ya kikwembe hakuwa wake.

Wakati Mukantwari aliangalia nyuma yake, hakukuwa mutoto. Aliuliza siku ile, akauliza miaka yote iliyofuata, ku makanisa, ku malori, kwa watu wa kutafuta familia, mpaka siku alipolala hakuamuka. Neno la mwisho Eugénie alilolisikia ku kinywa chake lilikuwa lile lile: kama munamuona, muniambie amekonda ao hapana.

— Mama Kahawa, unatuchoma na moshi, akasema Radio.

— Kohoeni, akasema.

Lori la Bunagana lilipita juu, breki zikalia, likasimama pa kona. Watu walishuka na vifurushi. Eugénie hakugeuka. Alikuwa amegeuka kwa kila lori tangu mvua ianze, na shingo yake ilikuwa imechoka. Akazidi kupuliza makala. Akasikia viatu juu ya majiwe, vinakuja polepole, vinasimama mbele ya ubao.

— Jambo yenu, wazee.

Kiswahili kilikuwa cha kuokota njiani, chenye harufu ya Uganda. Ku malori wanaoingia namna ile ni wengi. Wanaume wakaitikia.

— Munisamehe, ikasema sauti. Naambiwa hapa nitapata ndugu.

Radio akafurahi. Mutu wa kula, mwishowe, asiyekuwa yeye.

— Ndugu yuko, akasema Kilo. Lakini papa, tukuambie ukweli mapema: amekonda.

Viatu vikasogea juu ya majiwe.

— Amekonda sana?

— Kichwa na macho, akasema Radio. Mugongo ulikwisha.

— Tangu wakati gani?

— Tangu vita, akasema Dekre. Kuna visababu, si kimoja.

— Zamani alikuwa munene, ikasema sauti, polepole, kama mutu anayeuliza na kujibu pamoja.

— Aa, huyu anajua, akasema Kilo, na akamusogelea kidogo. Ulimuona zamani?

— Nilikuwa mudogo. Lakini nakumbuka.

— Basi kumbuka vile vile, mutoto wangu, itakufaa zaidi. Leo hata kumuangalia ni huruma.

— Mama wengine wanamutupia paka, akaongeza Radio.

Eugénie alisikia kifurushi kinawekwa chini. Akamuhurumia yule mutu, aliyetoka mbali na hamu ya samaki, akipokelewa na watatu wale. Akasema bila kuinuka, uso ndani ya moshi:

— Usiwasikilize, papa. Kama unamutaka vile alivyo, kaa ungojee. Nilikuwa na mugeni, lakini naona hakuji. Kama unatafuta munene, soko ya tilapia iko pale chini.

— Hata kama amekonda, mama. Ni juu yake nimekuja.

Mukono wa Eugénie ukasimama juu ya makala. Hakuna mutu anayetoka Bunagana juu ya ndugu. Lakini alikuwa amedanganyika mara nyingi na sauti, na moshi ulikuwa mwingi, akabaki vile alivyoinama.

— Munielezee tu kitu kimoja, kijana akasema. Anakulaka nini?

Kilo akafungua kinywa. Mutu aliyepima samaki maisha yake yote, aliyejua ndugu wa mvua ya kwanza na wa mvua ya pili, alikifungua na akakifunga. Akamuangalia Dekre. Dekre alikuwa anatafuta ndani ya kikombe chake. Radio akakuna kichwa. Walikuwa wamesema sabuni, wamesema gaz, bombe, Tanganyika na laissez-passer, na katika asubuhi zote zile hakuna aliyeuliza neno hilo.

Eugénie alilijua jibu. Anakulaka kile kinachoanguka ku sufuria ya mama. Lakini aliinama zaidi juu ya makala, asikie kwanza.

— Hamujui? akasema kijana. Hakukuwa na hasira ndani yake, na hiyo ndiyo iliyowaumiza. Munakaa naye kila siku, na hamujui anakulaka nini?

Kilo akatafuta namna ya kutoka.

— Papa, ndugu wako wengi. Wewe unauliza yupi?

— Ni mumoja. Anaitwa Zeni.

Radio akaanza kucheka.

— Kijana, hapa ndugu hawapewaki jina.

Birika ilianguka. Eugénie alisimama bila kujua kwamba amesimama, goti likaigonga, na kahawa yote ikaingia ndani ya makala na sauti kama ya mvua ku mabati. Mvuke ukapanda kati yake na wale wa ubao. Ulipotawanyika, akaona kwanza shati, shati la mutu mwingine mukubwa, linaloning'inia. Akaona shingo nyembamba, mifupa ya mikono, na juu ya vyote kichwa kikubwa na paji la uso la Mukantwari limewekwa pale bila kupunguzwa hata kidogo.

Hakumukimbilia. Aliogopa. Akapangusa mikono ku kikwembe chake, na akauliza kwa sauti ndogo:

— Zeni alikuwa anakaa jiwe gani?

Kijana akamuangalia. Akaangalia beseni, jani la ndizi limesogea, vichwa vidogo vinachungulia.

— La bapa, akasema. Pale mama anasuguliaka sufuria. Na yule Zeni mwingine alikuwa anapiga kelele nitoke ndani ya maji.

— Utapata homa, akasema Eugénie.

— Ndiyo. Hivyo hivyo. Utapata homa.

Na pale walisimama, beseni kati yao, hakuna aliyejua nani aanze kuvuka. Ni Eugénie aliyevuka. Alimushika kwanza ku kifundo cha mukono, kama mutu anayekamata samaki anayeweza kuponyoka, kisha mabega, kisha akaweka uso wake ndani ya lile shati kubwa, na kijana akamushika kikwembe kwa nyuma, ngumi nzima, akakikaza.

Dekre alisimama, na mara hii hakukaa.

— Mimi nilikuwa nasema samaki, akasema Radio. Maneno ya paka yale, nilikuwa nasema samaki.

Kilo aliinama, akaokota birika, akaitikisa karibu na sikio lake kama alivyokuwa anatikisa mizani ya zamani kuona kama inasema kweli.

— Kahawa imeisha, akasema.

Siku zote neno lile ndilo lilikuwa la kuagana. Likisemwa, kila mutu anapangusa suruali na kwenda zake. Siku ile hakuna aliyeondoka. Muzee aliweka birika chini, akavua kofia, akajisogeza mpaka mwisho wa ubao, fasi jiwe linapotoboa, na akamusukuma Dekre na kiwiko.

— Sogeeni, akasema. Ndugu akae.